Barua kwa Mama kutoka Mildura, Australia

Shikamoo Mama,

Natumaini hamjambo hapo Ujiji. Sisi wazima, kazi ya zabibu inaendelea, mgongo unauma kidogo lakini si neno. Nimeona nikuandikie mwenyewe kabla Baba Mdogo hajamaliza kuzunguka nyumba zote za ukoo na hadithi yake. Anayekusomea asiruke kitu.

Alinipigia usiku wa manane, hata salamu hakunipa. Kwamba nimemuuza ndugu yangu, mwanawe yeye, kwa wazungu, kwamba niifute kesi tuyamalize kifamilia. Nifute kesi gani, Mama? Kesi ya kubaka huku ni ya serikali, na yule binti mwenyewe alisimama kama shahidi tu. Mimi nililetewa hati ya kuitwa mahakamani, usipokwenda, unafuatwa. Eti ningejitetea kwamba ni damu yangu. Sheria ya jimbo letu hapa, Victoria, inamruhusu mume au mke, mzazi na mtoto kumwomba jaji asitoe ushahidi dhidi ya mtu wake. Mtoto wa baba mdogo hayumo. Na hata angekuwemo nisingeomba, mwambieni hivyo hivyo.

Sikusema uongo juu ya mtu. Nilieleza nilichokiona: binti yuko mlangoni pangu alfajiri, kiatu kimoja mguuni, kingine mkononi, mshono wa gauni uko nje. Aliomba maji ya kuoga kabla ya kuomba ya kunywa. Nikakumbuka habari za PF3 za kwetu, ile fomu ya polisi ya kwenda nayo hospitali, nikamwambia asioge. Akaoga. Binti alikwenda polisi baada ya miezi, na hapo ndipo wakili wa utetezi alipotaka kutunasa wote wawili. Taa ya barazani ilikuwa inawaka? Kama ilikuwa imezimwa, mshono niliuonaje? Nikamjibu kwamba nilimvua gauni lile kwa mikono yangu, nikalifua kwa mikono yangu. Akakaa.

Ndiyo Mama, mwanao yule ambaye mwalimu wa hesabu alisema hata maandazi hataweza kuuza! Nilishika msahafu, nikakaa kizimbani mbele ya jaji aliyetoka Melbourne, zaidi ya kilomita 500, maana Mildura hatuna jaji wa kudumu wa County Court, mahakama ya kesi nzito kama hizi, wanakuja kwa zamu. Pembeni watu 12 wa baraza, raia wa kawaida tu ndio wanaoamua kama mtu ana hatia, wananitazama mdomo. Mkalimani alikuwepo, lakini mwisho nikawa najibu Kiingereza kabla hajafungua kinywa. Jaji akanishukuru.

Nilipomaliza niliruhusiwa kukaa kusikiliza yaliyobaki. Baba Mdogo anasema yule binti alijulikana mji mzima. Huku hakuna wakili anayeruhusiwa kuuliza sifa zake za usafi, na jaji aliwaambia wale 12 kwamba mtu aliyefanyiwa haya anaweza kuchelewa kusema kwa sababu za maana. Tena neno lake peke yake lingeweza kutosha, ilimradi wasibaki na shaka yenye msingi. Binti alilitoa akiwa chumba kingine, anaonekana kwenye runinga, ili asimtazame mshtakiwa usoni. Nilifikiria kesi ile ya mtaani kwetu, ambapo mtoto wa watu alisimamishwa mbele ya mjumbe na wanaume wamejaa hadi dirishani. Unaikumbuka. Jina la huyu wa huku msiniulize, na shangazi asianze kubashiri. Kumtaja gazetini tu bila ridhaa yake hapa ni kosa la jinai.

Wale 12 walimwona ndugu yangu ana hatia. Hukumu ya kifungo bado.

Tangu siku ile baadhi ya wenzetu hapa hawanisalimu. Harusi ya juzi sikualikwa, na pilau nasikia liliungua, haya. Jioni nikitoka kazini napita ukingoni mwa Mto Murray. Maji yake ni ya udongo, hayafanani na ziwa letu hata kidogo, na siku hizo natamani nisikie wavuvi wakirudi na dagaa na nyinyi mnagombana juu ya bei.

Sasa la hela. Baba Mdogo anachangisha kwa ajili ya wakili wa rufaa, na amenipangia fungu kubwa kuliko la wanawe. Sitoi. Ya mabati nimeituma kwa jina lako, si kwa jina lake, na namba ya siri anayo mdogo wangu peke yake. Akija kukuuliza, mpe chai, mwambie hujapata barua.

Mwanao.