Barua ya wazi kwa Gavana wa Kaunti ya Mombasa: nafuu ya stima ianzie juu ya paa

Mheshimiwa Gavana,

Pokea salamu zetu za heshima. Sisi ni mafundi wa paa, wachoraji wa ramani na mafundi wa umeme tunaofanya kazi kisiwani na ng'ambo zake zote, Likoni, Kisauni, Nyali na Changamwe. Tunakuandikia kabla Mswada wa Fedha wa Kaunti haujaandikwa, kwa kuwa ombi hili lisipoingia humo litaishia kuwa mazungumzo ya warsha.

Tunaomba kaunti itoe nafuu ya ada na msaada wa vifaa kwa nyumba zinazopunguza joto na matumizi ya stima. Tunaomba pia msaada huo uanze na paa, na umfikie mwenye nyumba hata kama ardhi iliyo chini yake si yake.

Uwezo wa kisheria mnao. Katiba, katika Jedwali la Nne, imezipa kaunti mipango ya ujenzi, nyumba na usimamizi wa kawi. Sheria ya Kawi ya 2019 imezipa kaunti kazi ya kuzirekebisha kanuni za kitaifa za matumizi bora ya kawi katika majengo zifae hali ya mahali. Kanuni mpya za Kitaifa za Ujenzi zimechukua nafasi ya zile za 1968. Lakini kanuni zinazofaa Nyahururu, ambako watu hulala na blanketi mbili, haziwezi kutumika mtaani Majengo, hapa Mombasa, bila kuguswa.

Mombasa iko nyuzi 4 kusini mwa ikweta. Jua la saa sita hupita karibu na utosi mwaka mzima, na mnamo Machi na Oktoba hupita utosini hasa. Kwa hiyo sehemu ya nyumba inayopigwa zaidi ni paa, kisha ukuta wa mashariki na wa magharibi.

Chukua chumba cha mita 4 kwa 5 chini ya bati la rangi ya maruni, dari ni siling bodi tupu. Saa nane mchana bati hufika nyuzijoto 65 hivi na chumbani ni 30. Dari ya namna hiyo hupitisha takriban wati 2 kwa kila mita ya mraba kwa kila nyuzi moja ya tofauti. Zidisha 20 kwa 35 kwa 2, unapata wati 1,400. Ni sawa na kuwasha pasi ya umeme na kuiacha katikati ya chumba adhuhuri nzima. AC ya BTU 12,000 huondoa chumbani joto la wati 3,500 hivi, kwa hiyo asilimia 40 ya nguvu yake inapigana na bati peke yake, kabla haijamfikia binadamu aliyelala chini.

Sasa lipake bati hilohilo rangi nyeupe. Saa nane litasoma kama 42. Hesabu ileile inashuka hadi wati 480. Ukiliacha bati na maruni yake, kisha ukatandaza godoro la pamba ya kioo la milimita 50 juu ya dari, utafika karibu 400. Maana yake ni kwamba ndoo za rangi zinafanya karibu kazi ya godoro zima, kwa gharama ndogo na bila kubomoa dari. Ukifanya yote mawili unabaki na wati 150 au pungufu. Ndiyo sababu tunasema shilingi ya kwanza ya kaunti inunue rangi nyeupe. Paneli za sola na AC za kisasa ni vitu vizuri, ila kuzifunga juu ya bati la maruni ni kuteka maji kwa pakacha.

Bati jipya lisilopakwa, lile la rangi ya fedha, linadanganya. Linarudisha mwanga, lakini joto lililoingia haliachii kwa urahisi, na ndiyo maana mchana haligusiki. Likishapata kutu, na hewa ya chumvi hailicheleweshi, hata huo mng'aro hupotea.

Nyumba ya Kiswahili ya vyumba sita, mita 10 kwa 15, ukiongeza mteremko na ukingo wa paa ina bati la mita za mraba 180 hivi. Mikunjo ya bati huongeza kama sehemu moja ya kumi. Lita moja hufunika mita za mraba 8 kwa mkono mmoja, na mikono ni miwili. Jumla ni lita 50, yaani ndoo mbili na nusu za lita 20. Tukikadiria shilingi 800 kwa lita (bei mtaiuliza wenyewe, na mkinunua kwa jumla itashuka), rangi ya nyumba nzima ni shilingi 40,000, nje ya ufundi na rangi ya msingi.

Kazi hii huharibika kwa njia tunazozijua. Ya kwanza ni kupaka chokaa kwenye bati kwa sababu ni rahisi. Chokaa hufaa sana ukuta wa matumbawe na slabu ya saruji, lakini juu ya bati haishiki, na ikilowa hula zinki. Ya pili ni kupaka bati jipya likiwa bado na mafuta ya kiwandani: rangi hubanduka vipande vipande kabla ya mwaka kuisha. Lazima lioshwe kwa sabuni, lisuuzwe, likauke, kisha lipakwe rangi ya msingi iliyotengenezwa kwa mabati ya zinki. Palipo na kutu pasuguliwe kwa brashi ya waya kwanza. Ya tatu ni fundi kuongeza maji ndooni ili lita 50 ziwe 70. Hiyo haionekani siku ya kwanza, huonekana baada ya masika. Ya nne ni ukungu na vumbi: paa jeupe lisilooshwa hugeuka kijivu na kupoteza sehemu kubwa ya faida, kwa hiyo lioshwe kila mwaka vuli ikiisha, kabla ya joto la kaskazi.

Orofa za saruji zina tabia yake. Slabu ya milimita 150 hunyonya joto mchana kutwa na kulitoa chini saa kadhaa baadaye, ndipo wapangaji wa orofa ya juu wanapopikwa baada ya isha. Slabu ipakwe rangi nyeupe inayonyumbuka na kuzuia maji, baada ya nyufa kuzibwa na mteremko wa maji kusahihishwa. Maji yakituama juu yake, rangi huvimba na kuachia. Humo hesabu ni lita moja kwa mita 5 au 6, siyo 8.

Kuhusu ile karatasi ya kung'aa inayouzwa kutandazwa chini ya mabati: inafaa, kwa sharti kwamba uso unaong'aa uangalie uwazi wa hewa usiopungua sentimita mbili na nusu, na uangalie chini ili vumbi lisiukalie. Mafundi wengi huibana kati ya bati na mbao, chuma kikagusa karatasi, na hapo mteja amenunua pambo. Darini pawe na matundu ya hewa kwenye ukingo na kwenye kilele cha paa, yenye wavu wa matundu madogo. Bila wavu, kunguru na popo watahamia, na mwenye nyumba atayaziba matundu yote kwa matambara.

Sasa tuje kwenye ugumu wenyewe, nao ni nani apewe nafuu.

Kaunti nyingi zikifikiria motisha hufikiria punguzo la kodi ya ardhi. Mombasa hilo litakwenda upande. Tuna maelfu ya nyumba bila ardhi: bati, ukuta na mlango ni vya mtu mmoja, kiwanja ni cha mwingine anayekusanya kodi yake ya kila mwezi. Ukimpunguzia mwenye kiwanja, aliyepaka paa haoni hata senti. Halafu kuna mpangaji, ambaye ndiye anayenunua tokeni za stima. Mwenye nyumba hana haraka ya kupaka paa ili tokeni za mtu mwingine zidumu, na mpangaji hatapaka paa la nyumba anayoweza kuambiwa ahame mwezi ujao.

Kwa hiyo tunapendekeza njia mbili tofauti. Kwa nyumba za Kiswahili na nyumba za kupanga za chini, kaunti itoe vocha ya vifaa, siyo pesa taslimu na siyo punguzo la kodi. Vocha itolewe kwa jengo, kwa uthibitisho wa mzee wa mtaa na ofisi ya wadi, bila kudai hati ya ardhi. Mwenye nyumba alipe ufundi. Akikubali vocha, atie sahihi kwamba hatapandisha kodi ya wapangaji kwa miezi 12 kwa sababu ya paa hilo. Ndoo zichukuliwe kwa awamu mbili: rangi ya msingi na ya mkono wa kwanza, kisha, baada ya afisa wa wadi kuona picha na kupima, ya mkono wa pili. Kipimajoto cha kulenga kwa mwale ni kifaa cha kushika mkononi, na ofisi ya wadi inahitaji kimoja tu. Kwa mabati pimeni dari kwa ndani saa nane mchana siku ya jua. Kwa slabu pimeni saa mbili usiku. Anayepima slabu mchana atasema mradi haufanyi kazi.

Kwa majengo mapya, tumieni kibali. Sheria ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi ya 2019 inasema mwombaji asiyejibiwa kwa siku 60 huhesabiwa amekubaliwa. Mwahidini mwenye ramani iliyotimiza masharti ya joto jibu ndani ya siku 14. Kwa kontrakta mwenye mkopo wa benki, siku hizo ni pesa kuliko punguzo lolote la ada. Nafuu ya ada yenyewe isitolewe ramani inapopita. Ilipwe wakati wa cheti cha ukaaji, jengo likishakaguliwa, maana ramani yenye vivuli vizuri na jengo lisilo navyo ni jambo la kila siku katika kazi hii.

Masharti yawe machache na yapimike kwa futi kamba. Paa liwe jeupe au la rangi nyepesi. Dirisha la mita 1.2 linalotazama kaskazini liwe na kivuli kinachotokeza sentimita 65, la kusini 45. Kwa jua letu la adhuhuri hizo zinatosha, hata Juni na Desemba. Mashariki na magharibi kivuli cha juu hakisaidii kitu, kwa sababu jua huingia likiwa limeinama. Huko wekeni mbao za kusimama, shata, baraza yenye paa, au msiweke dirisha kubwa. Kioo kitupu cha mita za mraba 3 kikitazama magharibi huingiza zaidi ya wati 1,000 alasiri, na tunaona orofa mpya zikivalishwa vioo upande huohuo.

Pale ada inapohesabiwa kwa mita za mraba, vivuli na baraza visihesabiwe. Mtu asitozwe kwa kujikinga na jua. Madirisha ya kuteleza nayo hufunguka nusu tu. Ya luva au ya bawaba hufunguka karibu yote. Katika mji unaopata kusi na kaskazi kwa zamu, nusu ya dirisha ni nusu ya upepo, na pangaboi la wati 70 linaweza kutosha mahali ambapo sasa AC inafungwa.

AC hatuziombei ruzuku. Lebo ya nyota ya kitaifa, inayoonyesha mashine inavyotumia stima, ipo, na kaunti inaweza kuidai katika manunuzi yake yenyewe. Tahadhari moja tu: mashine kubwa kuliko chumba hupoza haraka na kuzima kabla haijatoa unyevu, chumba kikawa baridi na chepechepe, na ukungu ukapanda ukutani.

Kuhusu utaratibu: Ibara ya 210 ya Katiba hairuhusu kodi kusamehewa isipokuwa kwa sheria, na kila msamaha uandikwe pamoja na sababu yake na kuripotiwa kwa Mkaguzi Mkuu. Basi nafuu ya ada iingie kwenye Sheria ya Fedha ya Kaunti, siyo kwenye waraka wa ofisi unaoweza kufutwa na ofisi ijayo. Vocha iwekwe kwenye Mpango wa Maendeleo wa Mwaka, ambao hufika Bunge la Kaunti kufikia Septemba 1, na itajwe tena katika waraka wa mkakati wa fedha wa Februari. Bila kutajwa huko, mwezi Juni itaambiwa haina fungu.

Kuna moja lisilohitaji sheria mpya. Zahanati na madarasa ya chekechea ni majengo yenu. Anzeni na madarasa yenye bati lisilo na dari, ambako mtoto hukaa chini ya bati lenyewe. Chagueni manne, mawili yapakwe na mawili yaachwe, mpime saa nane kwa wiki mbili, na matokeo myabandike mlangoni ili wazazi wayasome.

Rangi haipakwi masika. Dirisha la kazi ni Julai hadi Septemba, na tena Januari hadi Machi. Madarasa manne ni kazi ya siku sita kwa mafundi watano, hali ya hewa ikiruhusu. Vipimo vya mapaa na orodha ya vifaa tunaweza kuviwasilisha ofisini kwako wiki utakayotutajia.

Wako katika ujenzi,
Mafundi wa paa, wachoraji wa ramani na mafundi wa umeme, Mombasa

Nakala: Waziri wa Kaunti wa Ardhi na Nyumba, Waziri wa Kaunti wa Fedha, Spika wa Bunge la Kaunti