Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama wa Chama Chetu cha Mbio za Magari, Nakuru

Ndugu wanachama, wazazi mlioandamana na vijana wenu, mafundi wetu, na wageni waliotoka Kisumu alfajiri ili wawahi kiti cha mbele, karibuni. Mweka hazina atasoma hesabu baada yangu, kwa hiyo pesa nitazigusa juu juu tu. Mimi nataka kuzungumzia watu. Mwaka huu chama kimeongezeka kuliko mwaka uliopita, na kamati imebishana mikutano mizima kuhusu ni nini kilichowaleta hawa wapya. Mabishano hayo nimeona niyalete kwenu, kwa sababu jibu lake ndilo litakaloamua mwaka ujao tutumie nguvu zetu wapi.

Wako wanaosema ni Safari Rally. Tangu ilipoingia tena katika ubingwa wa dunia mwaka 2021, baada ya kuwa nje tangu 2002, makao yake yamekuwa Naivasha, humu humu kaunti yetu, na mikondo ya Soysambu na Elmenteita, yaani vipande vya njia ambapo magari hupimwa muda, iko karibu kiasi kwamba mtu wa Lanet anaweza kunywa chai kwake na bado akalikuta gari la kwanza. Mashindano yalipohamishwa kutoka Juni hadi Machi mwaka 2024, nasi tukapata msimu wetu mpya: Machi ikifika kila mtu Nakuru ni dereva wa rali. Simu ya katibu hailali. Lakini nimekaa na daftari la uanachama, na wengi wa waliopiga simu wiki hiyo hawakuonekana tena. Walitaka fulana na kibandiko cha kioo cha nyuma. Siwalaumu. Mtu aliyetoka kumtazama bingwa wa dunia kama Ogier akipasua vumbi la Kedong, ukimpeleka kwenye mashindano yetu, katika shamba lililovunwa ngano, lenye koni za plastiki na Probox inayosubiri zamu yake, lazima moyo ushuke kidogo.

Wengine wanasema ni video. Hapo nitakaa.

Mnakumbuka video ya magari mawili yakishindana usiku kwenye lami, ambayo mmoja wetu aliiweka katika kundi letu la WhatsApp, nayo ikafika TikTok na nembo ya chama ikionekana wazi kwenye mlango wa gari. Ilitazamwa sana. Kamati iliiondoa kwenye kundi siku hiyo hiyo na kumsimamisha mwenye gari, na kuna wanachama ambao hadi leo wananinunia, wakisema tumeua tangazo bora zaidi tulilowahi kupata bila kulipa senti. Nawajibu hapa mbele ya wote. Kwanza, Sheria ya Trafiki inakataza kushindana mbio kwenye barabara ya umma bila idhini, na barabara ile ina malori, bodaboda na watu wanaorudi kazini kwa miguu. Pili, walioingia kwenye kundi kwa sababu ya ile video walikuwa na swali moja tu: lini tena, na wapi? Walipoambiwa ni Jumapili mchana, shambani, gari moja moja dhidi ya saa, wakatoka mmoja baada ya mwingine. Tatu, mzee anayetukodisha shamba kule Njoro alionyeshwa video hiyo na mjukuu wake. Akanipigia: "Mwenyekiti, hawa ndio unaoniletea?" Ilibidi niende kwake na katibu, tukakaa barazani hadi jioni. Tungelikosa shamba lile, leo tungekuwa tunajadili kuvunja chama. Msimamo wa kamati ni kwamba hakuna video ya mbio za barabarani itakayokaa kwenye ukurasa wetu, hata iwe tamu vipi. Anayepinga alete hoja, tutaipigia kura.

Sasa, daftari linasema nini? Katibu aliwauliza wapya wote walikuja kwa njia gani. Wengi wao waliuliza swali kwenye kundi, wakajibiwa na mtu. Ni hilo tu.

Nitatoa mfano mmoja ambao wengi wenu mliufuata. Usiku mmoja kijana wa Kiamunyi aliandika: "Niko na Vitz ya cc elfu moja, ni ya mamangu, ameniruhusu. Nikikuja mtanicheka?" Palikuwa kimya. Kisha fundi wetu wa mtaa wa Shabab, ambaye kwa kawaida huandika "sawa" na kunyamaza, akatuma sauti ndefu. Alimwambia injini aiache jinsi ilivyo. Aondoe kila kitu kisichofungwa: spea tairi, jeki, zulia la dereva, na hasa chupa ya maji iliyo chini ya kiti, maana ikibingirika hadi chini ya pedali ya breki hutajua ni nini kimekuzuia. Abadilishe mafuta ya breki, kwa kuwa ya zamani yamenyonya unyevu na yakipata joto yanachemka, na mguu unazama hadi sakafuni. Atikise betri kwa mkono, ikicheza, aikaze. Aongeze upepo kidogo tairi za mbele ili zisijikunje kwenye kona. "Halafu ukuje," akamaliza, "na umlete mama."

Kijana alikuja. Alimaliza karibu na mkia, akaangusha koni nyingi, akarudi mwezi uliofuata. Mama yake ndiye aliyewaandikisha leo pale mlangoni.

Tangu siku hiyo tumeweka zamu. Kila wiki kuna mtu mmoja ambaye kazi yake ni kuhakikisha hakuna swali linalolala bila jibu, na katibu amekusanya majibu bora mahali pamoja ili fundi asirudie habari ya mafuta ya breki hadi uzeeni. Kuna waliokuwa wakiwajibu wapya kwa vikaragosi vya kucheka. Nimewaandikia faraghani, na wamenielewa.

Mgeni huuliza pia kama kagari kadogo kana nafasi katika mchezo huu. Mwaka 1993 Patrick Njiru alimaliza Safari Rally kwa Subaru Vivio, injini yake haifiki hata cc 700. Na jirani yetu Joginder Singh, mzaliwa wa Kericho, ushindi wake wa kwanza wa Safari mwaka 1965 aliupata kwa Volvo iliyokuwa imeshatumiwa na wengine. Hayo yanatosha kumnyamazisha anayedai bila turbo, kile kifaa cha kuisukumia injini hewa zaidi, hakuna mchezo, ingawa wageni wetu wa Kisumu wana la kusema. Walipopanda huku Agosti walilalamika kwamba magari yao yamelegea ghafla, na mmoja alitaka kufungua injini palepale uwanjani. Kisumu iko mita 1,130 hivi juu ya usawa wa bahari, Nakuru karibu 1,850. Injini isiyo na turbo hupoteza takriban asilimia 10 ya nguvu kwa kila mita 1,000, kwa sababu hewa imepungua. Gari lenye kabureta ndilo huteseka zaidi: petroli inazidi hewa, plagi zinatoka nyeusi kwa masizi. Fundi alibadilisha jeti, kile kitundu kinachopitisha petroli kwenye kabureta, gari likapumua.

Usalama. Mwezi wa Novemba, gari moja lilisimama baada ya kumaliza zamu, bomba lake la moshi likiwa bado moto, juu ya mabua ya ngano yaliyokauka. Dereva alikuwa ameshavua kofia, anauliza muda wake. Mashali, yaani msimamizi wa usalama, wa kona ya mwisho, binti wa mwaka wa kwanza chuoni aliyekuwa na bendera mkono mmoja, aliona uzi wa moshi chini ya gari, akaita "sukuma!" kabla hajaukimbilia mtungi wa kuzimia moto. Watatu wakalisukuma hadi penye udongo, yeye akamwaga unga. Palibaki doa jeusi lenye ukubwa wa meza hii. Upepo wa alasiri wa Njoro mnaujua. Dakika mbili zaidi, tungekuwa na habari nyingine. Sasa pale magari yanaposimama panafyekwa na kulowanishwa maji kabla ya gari lolote kuwashwa, na wenye shamba tumewaahidi hivyo kwa maandishi.

Binti huyo hajawahi kuendesha gari katika mashindano yetu. Nalisema kwa sababu kuna manung'uniko juu ya kanuni inayomtaka kila mwanachama mpya asimame kama mashali kwanza kabla ya kushindana. "Nimelipa ada nikimbize gari, si kushika bendera." Nimeyasikia. Kanuni haitaondoka nikiwa mwenyekiti. Mtu aliyesimama konani nusu siku amejifunza nani anachelewa kushika breki na kupoteza muda akidhani anauokoa; tena bila mashali hakuna mbio, hata wenye magari wakiwa mia.

Kofia ngumu ndizo zilizotugombanisha zaidi kwenye ukaguzi. Tulirudisha madereva kadhaa waliokuja na kofia za bodaboda, nyingine mpya kabisa. Tofauti si bei. Kofia zenye alama ya Snell SA, za mbio za magari, hupimwa jinsi zinavyohimili moto na jinsi zinavyohimili kugonga nondo za kizimba kinachomkinga dereva ndani ya gari. Zenye alama M, za pikipiki, hazipimwi hivyo. Kamati inapendekeza chama kinunue chache za kuazimisha wanaoanza, na mweka hazina atawaambia kama mfuko wetu unaziweza. Mikanda iliyopita tarehe yake nayo hairuhusiwi, hata kama inaonekana mizima.

Kuhusu bima: kumbukeni bima ya kawaida ya gari haifidii uharibifu wa mashindano. Kampuni ya kwanza tuliyoiendea kwa bima ya siku ya mbio ilituzungusha miezi mitatu, ikatoa jibu ambalo lingeandikwa kwa dakika tatu. Tumepata nyingine. Usajili wetu kwa Msajili wa Michezo chini ya Sheria ya Michezo ya 2013 unasubiri nakala za vitambulisho za wanakamati wawili, ambao wanajijua na wameketi mstari wa tatu.

Kwa mwaka ujao nina mambo mawili makubwa. Wenzetu wa Kisumu wanatafuta kiwanja ili mashindano mamoja yafanyike kwao, na safari hii sisi ndio tutakaoshuka. Magari yatajisikia mepesi, msidanganyike mkadhani ni ustadi. La pili ni watoto. Katika otokrosi ya kitaifa, mbio za magari kwenye uwanja wa udongo, kuna madaraja ya Bambino na Pee Wee kwa ajili yao, na wazazi watatu wameuliza kwa nini sisi hatuna. Hatuna kwa sababu hatuna mashali wa kutosha kutenga uwanja wa pili, na sitaki mtoto aanze mchezo huu mahali ambapo hakuna jicho kila kona.

Hoja za kupigiwa kura ni mbili: kofia za kuazimisha, na marufuku ya video za barabarani. Orodha ya mashali wa Januari iko kwa katibu, na ina nafasi wazi nyingi kuliko majina. Chai haitamiminwa kabla orodha hiyo haijajaa.