Barua ya wazi kwa Mkuu wetu wa Wilaya: Mgambo tunajua kulenga, hatujui kuziba damu

Mheshimiwa Mkuu wa Wilaya,

Shikamoo. Nakuandikia hadharani kwa sababu barua mbili nilizozipitisha kwa mtendaji wa kijiji hazikujibiwa. Ya tatu niliileta mwenyewe ofisini kwako, ikagongwa muhuri wa kupokelewa, nikaambiwa niende nyumbani nisubiri simu. Nimesubiri tangu mvua za kwanza. Sasa mpunga wa bondeni umeshachanua na simu haijalia.

Kilichonifanya nisingoje zaidi ni karatasi. Jumatatu iliyopita mtendaji amebandika tangazo mlangoni pa ofisi ya kijiji, kwa gundi ya ugali, kwamba mafunzo ya mgambo wilayani kwetu yanaanza tena mwezi ujao na vijana wajiandikishe. Masomo yametajwa yote: kwata, utimamu wa mwili, usomaji wa ramani, ujanja wa porini, silaha na shabaha, sheria, uhandisi wa medani, huduma ya kwanza. Huduma ya kwanza iko mwisho, palepale ilipokuwa mwaka wetu. Nilisimama nikaisoma karatasi ile mara tatu, watu wakadhani natafuta jina la mtoto.

Mimi ni mgambo, Mheshimiwa. Nilihitimu kwa miezi minne ya jua na vumbi, na sijutii hata siku moja. Naweza kufungua bunduki na kuifunga nikiwa nimefumba macho. Siku ya shabaha nilipiga risasi tano na zote zilifika kwenye ubao. Somo la huduma ya kwanza lilikuwa asubuhi moja: mkufunzi alichora mtu ubaoni kwa chaki, akatuonyesha mahali pa kufunga bandeji, na bandeji yenyewe haikuwepo. Alisema ziko njiani. Tukaandika kwenye madaftari, tukaenda kukimbia.

Sasa nikueleze usiku ule, maana ulipokuja kutoa rambirambi ulielezwa kwa ufupi, na mimi sikupewa nafasi ya kusema.

Ilikuwa Novemba, msimu wa korosho umechanganya. Mpwa wangu, mtoto wa dada yangu mkubwa, alikuwa na miaka 19. Kwetu Wamakonde mtoto wa dada ni wako. Mimi ndiye niliyempeleka jandoni, na mimi ndiye niliyeulizwa azikwe wapi. Alikuwa analala shambani kulinda magunia manne ambayo yalikuwa hayajafikishwa ghalani. Wezi walikuja kabla ya jogoo wa kwanza. Alipowakabili walimkata panga katikati ya paja, kwa ndani, wakakimbia bila hata gunia moja.

Nyumba yangu iko karibu, nilifika wakati bado anaongea. Nilimulika kwa tochi ya simu. Damu ilikuwa inaruka, inatulia, inaruka tena, na mchanga wa pale unainywa, kwa hiyo ukiangalia chini huoni kama ni nyingi. Nilivua kitenge cha shemeji yako, mke wangu, nikakifunga juu ya jeraha lenyewe, fundo moja, kama mtu anavyofunga mzigo wa kuni. Kililowa papo hapo. Jirani mmoja akaja na mafuta ya taa, mwingine akaja na majivu ya jikoni. Sikuwazuia. Nilidhani wanajua kuliko mimi. Akaniambia, "Mjomba, nasikia baridi." Novemba, Mheshimiwa, joto la Novemba la Mtwara unalijua, na mtoto ananiambia anasikia baridi.

Zahanati ilikuwa imefungwa, nesi ameitwa kwenye semina. Dereva wa kwanza wa bodaboda alikataa kumbeba. Alisema mtu wa panga bila PF3, ile fomu ya polisi ya majeruhi, atamtia yeye ndani. Wa pili alikubali tukampakia katikati, mishkaki, mimi nyuma nimemkumbatia, mguu unaning'inia. Hospitali tuliyokuwa tunaikimbilia iko kilomita 38 kutoka kwetu. Hatukufika nusu. Nilijua kwa uzito wake. Sikumwambia dereva, nikamwacha aendelee kukimbia.

Nesi aliporudi alilia na sisi, kisha wiki ya pili akaniita barazani kwake akanieleza. Sikumwomba anieleze, ila nashukuru. Aliniambia mtu mzima ana damu ya lita tano hivi. Alininyoshea dumu la mafuta ya kula lililokuwa pale: hili hapa, hiyo ndiyo yote. Mshipa mkubwa wa paja ukikatwa, dumu hilo linamwagika kwa dakika chache, gari la wagonjwa lisifike hata kama limeegeshwa ng'ambo ya barabara. Kwa hiyo anayeokoa ni yule aliye pale pale.

Kisha akanionyesha kwa mguu wangu mwenyewe. Kwanza unakandamiza, kwa viganja viwili na uzito wote wa mwili, huachii kuchungulia. Kama jeraha ni refu kwenda chini unashindilia kitambaa safi ndani yake mpaka kijae, halafu unakandamiza juu. Kama ni mkono au mguu na damu inaruka, unachukua kitambaa kipana, khanga iliyokunjwa upana wa vidole vitatu, unakizungusha, si kwenye jeraha lenyewe bali vidole vinne hivi kutoka hapo kuelekea mwilini, wala si kwenye kiungo cha goti au kiwiko. Unafunga, unaweka kijiti, unafunga tena, unakisokota kijiti mpaka damu ikome. Akasema majeruhi atapiga kelele kwa maumivu, nawe utaona unamwonea, usilegeze. Unaandika saa uliyofunga, hata kwa mkaa kwenye paji la uso, ili daktari ajue. Mafuta ya taa hapana, majivu hapana, tumbaku hapana.

Haikuzidi nusu saa, Mheshimiwa. Nilikuwa na kitenge. Kijiti kilikuwa kila mahali, tuko chini ya mikorosho! Nilikuwa na mikono miwili yenye nguvu na cheti cha mgambo ukutani. Kila kitu kilikuwepo isipokuwa ile nusu saa.

Na hiyo nusu saa uliniahidi wewe. Siku ya kufunga mafunzo yetu ulikuwa mgeni rasmi, mimi nilikuwa safu ya mbele, wa nne kutoka kulia. Ulisema kila kijiji kitapata sanduku la huduma ya kwanza kabla ya msimu wa korosho, na mganga atazunguka kuwanoa mgambo mara moja kila baada ya miezi mitatu. Tulipiga makofi. Msimu ule ukapita, ukaja huu uliomchukua mwanangu, nao umepita. Sanduku sijaliona. Naambiwa huku mitaani kwamba fungu lilikwenda kwenye shughuli nyingine, wengine wanasema masanduku yalifika na yako stoo yanangoja uzinduzi. Sijui lipi ni kweli, nawe ndiye unayeweza kutuambia.

Arobaini ya mpwa wangu ulikuja, tunakushukuru kwa ubani wako. Ulisimama ukasema serikali haitavumilia, mgambo wataongezewa doria, bunduki zitatoka kwa utaratibu, na mwananchi mwenye sifa aombe leseni ya silaha kwa mujibu wa sheria. Wazee waliitikia. Mimi nilikaa kimya nikiwa nauliza moyoni: bunduki ingemfanyia nini mtoto yule baada ya panga kupita?

Usinielewe vibaya. Sipingi ulinzi. Sisi wa kando ya Ruvuma hatuwezi kupinga ulinzi. Oktoba 2020 wavamizi walivuka mto kutoka Msumbiji wakaingia kijiji cha Kitaya, wakaua watu na kuchoma nyumba, na mkuu wa polisi (IGP) wa wakati ule, Simon Sirro, alithibitisha mwenyewe. Machi 2021 tulisikia mji wa Palma, ng'ambo tu hapo Msumbiji, umevamiwa, watu wakikimbia na watoto mgongoni. Tuna ndugu pande zote mbili za mto. Najua kwa nini vijana wetu wanafundishwa silaha na naomba wafundishwe vizuri zaidi: risasi tano si mafunzo, na mtu anayebeba bunduki usiku kati ya majirani zake anatakiwa ajue hasa ni wakati gani asifyatue. Hata magobore ya kufukuzia nguruwe kwenye mihogo, ukiacha kama yana kibali au hayana, yanalipuka mikononi mwa wenyewe. Mshauri wa Mgambo, afisa anayetusimamia wilayani, anayajua haya kuliko mimi.

Ninachosema ni kwamba penye silaha pana jeraha. Anayefundishwa la kwanza bila la pili amefundishwa nusu.

Binti yangu anayesoma Mtwara mjini amenisomea kwenye simu habari za Marekani, nchi ambayo bunduki raia anainunua dukani. Desemba 2012 mtu mwenye bunduki aliingia shule ya Sandy Hook akaua watoto 20 na watu wazima 6. Mwaka uliofuata madaktari wa upasuaji walikaa na polisi na wanajeshi mjini Hartford, wakakubaliana kwamba kuzuia damu si kazi ya daktari peke yake, ni ya yeyote aliye karibu. Mwaka 2015 Ikulu yao ikazindua kampeni ya kuwafundisha raia: walimu, madereva, wauza duka. Waliyafanya hayo watu wenye magari ya wagonjwa kila kona. Sisi wa kilomita 38, za barabara ambayo mwezi wa tatu inakuwa mto, tunangoja nini?

Usiseme hakuna usafiri wala fedha. Novemba 2018, Hayati Rais Magufuli alipoagiza jeshi libebe korosho, malori yalifika Kusini ndani ya siku chache. Tuliyaona kwa macho, tukajua kwamba kikihitajika kitu, gari linapatikana. Na kila kilo ya korosho tunayouza ina makato yake. Sizungumzii makato mapya. Shilingi chache katika haya yaliyopo zinanunua vitambaa, glavu na mikanda ya kubana damu ya kijiji kizima.

Tena kuna jambo serikali imelifanya vizuri na nalisema kwa moyo mweupe. Mama mjamzito akizidiwa, tunapiga 115, gari linatafutwa, anafikishwa. Dada zetu wamepona kwa namba ile. Lakini namba ile ni ya mama na mtoto mchanga. Aliyekatwa panga, aliyeanguka na pikipiki, aliyevutwa na mamba mtoni, huyo anapigiwa nani? Sisi tunapigiana wenyewe kwa wenyewe, tukiamshana kwa mayowe.

Kuhusu PF3 nakuomba kitu cha bure kabisa. Pita na gari la matangazo, au simama kwenye mnada siku ya soko, useme kwa sauti yako kwamba anayembeba majeruhi si mtuhumiwa, kwamba aokolewe kwanza na karatasi ifuate. Sisi wanakijiji tukisema hivyo dereva haamini. Ukisema wewe ataamini. Yule kijana wa kwanza wa bodaboda bado ananikwepa njiani, na mimi sina kinyongo naye, alikuwa anaogopa kitu ambacho hakuna aliyewahi kumwondolea hofu yake.

Nilitaka kuomba mengi. Nilitaka kuomba zahanati iwe na nesi wa pili ili mmoja akiitwa semina mwingine abaki. Nilitaka kuomba gari. Barabara nimeiomba tangu sina mvi. Dada yangu ameniambia, "Ukiomba mengi watakupa majibu mengi, omba moja." Namsikiliza, yeye ndiye mwenye msiba.

Basi naomba moja. Mafunzo ya mgambo yanaanza mwezi ujao. Somo la kuzuia damu liondolewe pale mwisho wa ile karatasi, liwekwe wiki ya kwanza, kabla kijana hajashika bunduki, afunge na kusokota kwa mikono yake mpaka aweze gizani, kama tulivyofundishwa kufungua silaha gizani. Na siku hiyo wanakijiji waruhusiwe kuja kukaa pembeni wajifunze: kina mama, madereva wa bodaboda, walimu, watoto wa darasa la saba. Nesi wetu amesema yuko tayari, hataki posho. Vitambaa tutakuja navyo wenyewe. Vijiti vipo. Tunachohitaji ni saini yako, kwa kuwa mkufunzi amesema bila ratiba kutoka kwako hawezi kupanga upya masomo.

Mguu wa kujifunzia nao upo. Nimemwambia nesi autumie wangu.

Simu yangu unayo, iko kwenye barua ya tatu, ile yenye muhuri wako. Naiacha wazi usiku na mchana.

Wako mtiifu,
Mgambo wa kijiji, mjomba wa marehemu