Kwa vijana mnaoandika programu Unguja na Pemba

Wanangu,

Assalaam alaykum. Juzi kijana mmoja alinikamata nje ya msikiti baada ya sala ya alasiri, hata viatu sijavaa, akaniuliza: "Mzee, nijifunze kipi sasa? Kila nikishika kimoja naambiwa kishapitwa." Nilimjibu kwa haraka, na jibu lenyewe halikuniridhisha hata mimi. Nakuandikieni nyote lile ambalo ningemwambia kama ningekuwa nimekaa.

Mwaka 2003 niliiandikia nyumba moja ya wageni ya pwani ya mashariki programu ya mapokezi. Nilitumia Visual Basic 6, zana ya kuandikia programu ambayo Microsoft waliitoa 1998, na nilijiona fundi wa mafundi. Kumbe wenyewe walikwisha kutoa VB.NET mwaka mmoja nyuma, na ile mpya ilirithi jina tu. Ilipofika 2008 wakaacha kabisa kuihudumia zana yangu.

Hilo halikuniuma sana. Bidhaa ni yao. Kilichoniuma ni kwamba bei za vyumba zote, za msimu wa wageni wengi, za masika, za mtoto anayelala na wazazi, za wakala anayepunguziwa, nilikuwa nimezizika ndani ya vitufe vya skrini. Kitufe hiki kina hesabu ya masika, kile kina ya wakala. Ilipobidi kuhama sikuona cha kuhamisha. Nilikaa siku tatu na karani wa mapokezi, yeye ananisomea risiti za zamani, mimi naandika daftarini hesabu nilizozitunga mwenyewe! Aibu ile mpaka leo ninayo.

Mara ya pili bei niliziweka kwenye jedwali la SQL, lugha ya kuhifadhi na kuuliza data, na kanuni za hesabu kwenye faili zake peke yake, zisizojua skrini wala kitufe. Tangu hapo skrini zimebadilishwa mara tatu, mara ya mwisho na kijana ambaye hata simjui. Jedwali ni lile lile, limeongezwa safu mbili.

Na SQL yenyewe ilianzia IBM miaka ya 1970, kutokana na wazo aliloliandika mtafiti wao Edgar Codd mwaka 1970. Ina umri wa baba zenu. Silverlight ya Microsoft, ya kuonyesha video na michoro kwenye kivinjari, ilitoka 2007 ikazikwa 2021. Flash, ya kazi hiyo hiyo, ilikwisha na mwaka 2020, ikaondoka na masomo mangapi ya watoto wa skuli. AngularJS ya Google, fremuweki, yaani kiunzi tayari cha kujengea kurasa za wavuti, ilitoka 2010, na 2016 wakaleta Angular nyingine isiyolingana nayo. Msinielewe vibaya, fremuweki jifunzeni, ndiyo riziki. Ila ikiwa usiku wewe umechoka na una saa moja tu, saa hiyo ipe SQL, au HTTP, utaratibu wa kompyuta kuongea kwenye wavuti, kabla ya fremuweki ya nne.

Wakubwa wenu wanalikumbuka giza la Desemba 2009 hadi Machi 2010, ulipoharibika waya wa chini ya bahari unaoleta umeme Unguja kutoka bara. Hakuna aliyesema umeme tuuache. Mwenye uwezo alinunua jenereta, asiye nao akawasha kandili, mji ukajaa kelele na moshi. Tulikuwa na njia moja tu, basi. Nami huduma za kukodi za kampuni naziona hivyo hivyo. Parse ilikuwa inawahifadhia data watengenezaji wa programu za simu. Facebook wakainunua 2013, Januari 2016 wakatangaza wanaifunga, na mwaka uliofuata ikafungwa. Wale walikuwa waungwana: walitoa muhula wa mwaka mzima na wakaiachia huru programu ya seva, atakaye aiendeshe mwenyewe. Msitegemee kila mwenye nyumba akuageni hivyo.

Basi kabla hujaingia, jaribu kutoka. Toa data ya mteja, iweke kwenye kompyuta nyingine, uone kama inafunguka. Ifanye kweli, usiisome tu kwenye maelezo yao. Mimi niliwahi kujigamba na bekapu, nakala za akiba, za miezi minane, siku ya haja nikakuta zote tupu.

Tena hili la huduma ndogondogo, kuikata programu moja vipande vinavyoendeshwa kila kimoja peke yake. Mmoja wenu alinionyesha mfumo wa hoteli ya vyumba kumi na viwili: huduma saba na foleni ya ujumbe ya kupelekeana habari. Nikamuuliza saa nane za usiku nani ataamka? Akacheka. Mwaka 2023 timu moja ya Amazon Prime Video ilieleza hadharani kwamba mfumo wake wa kukagua ubora wa video iliukusanya ukawa programu moja, gharama zikashuka kwa zaidi ya asilimia 90. Timu ya watu mia inahitaji kugawana ili mmoja asimsubiri mwenzake. Ninyi mko wawili, na mmoja bado anasoma chuo kikuu, SUZA.

Najua matangazo ya kazi yanataka majina mapya. Chukueni jina moja kwa mwaka, mlijue sawasawa. Mengine msione haya kusema hamjayagusa.

Lile daftari la siku tatu bado ninalo, mende wameshalila pembeni. Anayetaka kuliona aje nyumbani Kikwajuni baada ya alasiri. Ijumaa asije, huwa niko Makunduchi.

Mzee wenu