Wifi anamweka mwanangu wa kafala mtandaoni

Assalaam alaykum ndugu wasomaji,

Nina jambo linanikosesha usingizi, na nyumbani sina wa kumwambia.

Mimi na mume wangu hatukujaaliwa kuzaa. Tuliomba Ustawi wa Jamii hapa Pemba, tukapewa kichanga cha kike, hata kitovu hakijadondoka. Tulimchukua kwa kafala, yaani malezi ya Kiislamu ya mtoto usiyemzaa, ambayo Sheria ya Mtoto ya Zanzibar ya mwaka 2011 inaitambua. Ubini wa mume wangu hatukumpa, kwani Suratul Ahzab imeshakata shauri: waiteni kwa baba zao.

Likabaki suala la umaharimu, yaani undugu unaoharamisha ndoa. Akibaleghe angekuwa mtu kando kwa mume wangu, inabidi ajisitiri ndani ya nyumba aliyokulia. Wifi yangu, dada wa mume wangu, wakati huo alikuwa ananyonyesha mwanawe. Akaja kwa hiari yake kutoka Wete, akakaa kwetu, akampa mtoto ziwa mpaka zikatimia na kupita zile mara tano za madhehebu yetu ya Shafi. Kwa hivyo mume wangu ni mjomba wake wa kunyonya. Fadhila ile siwezi kuilipa, na ndipo ugumu wangu ulipo.

Wifi anauza madira na udi Instagram. Idi iliyopita alimvisha mtoto gauni la kijani, akampiga picha mlangoni kwangu, akaiweka na maneno haya: "Mwanangu wa kunyonya, aliyetupwa na mamake. Allah hamtupi mja wake." Watu wakammiminia dua. Lakini mimi niliyasoma maoni mpaka chini. Mmoja kauliza ameokotwa shehia gani. Mwengine kasema macho yale anayajua, ni ya ukoo fulani, na akautaja. Pemba hii tunajuana! Huenda mamake mzazi keshaolewa, ana watoto wengine, na siri yake inaanikwa hivyo. Na wala hakumtupa. Tulielezwa kuwa alimkabidhi kwa mikono yake mwenyewe, analia.

Siku chache baadaye mtoto karudi chuoni, juzuu bado kaikumbatia kifuani, kaniuliza: "Mama, kutupwa ndiyo nini?"

Sikusudii kumficha. Nataka ayasikie kwangu, kwa maneno ya umri wake, kabla hajaanza skuli. Ninachokataa ni habari zake kujulikana na watu wasiomjua kabla hajazijua yeye. Picha ya mtoto wa kulea ina mambo ya watu wengine ndani yake, na mwenyewe hawezi kusema nataka au sitaki.

Nilimwomba wifi aifute. Akanijibu: "Wifi, na mimi mamake, ziwa nilimpa mimi." Mume wangu ananiambia nimwache, dada yake hana nia mbaya. Najua hana. Mama mkwe naye ameshaanza kusema nina choyo na mtoto.

Naomba ushauri, hasa kwa wenye watoto wa kafala. Nizungumze naye vipi asione namkatia udugu na mtoto? Nimtangulize mzee wa ukoo, au nende Ustawi kwa afisa aliyetukabidhi, ijapokuwa wifi ataona nimemshitaki? Na mtoto wa miaka mitano, nyinyi mlianzia wapi kumweleza?

Mama wa Chake Chake, Pemba