Kichomi bado kinachoma

Mhariri,

Mwezi uliopita nilikaa mezani na waamuzi wenzangu wa shindano la ushairi la shule za wilaya yetu. Binti mmoja wa kidato cha tatu alileta shairi kuhusu mamaye anayeanika dagaa ufukweni. Halikuwa na vina. Mistari mingine ilikuwa na neno moja tu, kama mtu anayepumzika kabla ya kuinua ndoo. Likatupwa nje. "Hili si shairi," mwenzangu alisema.

Nimefundisha Kiswahili miaka 31, na neno hilo liliniuma. Mshairi Euphrase Kezilahabi, mzaliwa wa Ukerewe, alitoa Kichomi, diwani yenye mashairi huru, yaani yasiyofungwa na vina na mizani, mwaka 1974, na hoja hiyohiyo ilimkabili. Leo ni zaidi ya nusu karne. Baada yake Alamin Mazrui akatuletea diwani ya Chembe cha Moyo, Kithaka wa Mberia akatuletea Mchezo wa Karata, na mlango haukufungwa tena. Washairi Mulokozi na Kahigi, wanaojua vizuri arudhi, yaani kanuni za vina na mizani, waliutetea ushairi huru bila kuutupa wa vina.

Mimi mwenyewe hutunga tarbia, mashairi ya mistari minne kwa ubeti, mizani nane kwa nane, na sitaacha. Lakini mkono wa Kezilahabi niliuona kwenye karatasi ya yule binti: lugha ya kila siku, picha moja iliyotulia, kimya mahali pa kina.

Naomba waandaaji wafungue kundi la mashairi huru mwakani. Karatasi yake ninayo, nimeitunza.

Mwalimu mstaafu,
Mwanza