Msihesabu lita, hesabuni fotoni

Ndugu Mhariri,

Nimesoma makala yenu ya kutengeneza dawa na kemikali kwa kutumia mwanga, nimefurahi sana mmeigusa hii fani maana wanaoiandika ni wachache, ila kuna sentensi moja imenikaa vibaya nimeshindwa kunyamaza. Mmeandika kwamba kazi iliyobaki sasa ni kujenga matanki makubwa na kufunga taa kali zaidi. Jamani hapana, hapo ndo penyewe wengi wetu tunapokwama.

Mi mwenyewe nilikwama hapo. Nilikuwa na mmenyuko (badiliko la kikemikali) unaoendeshwa na mwanga, unaisha kwa masaa sita tu kwenye kichupa cha mililita 5, safi kabisa, nikauhamishia kwenye chupa ya lita 5 na taa ileile, koroga mchana koroga usiku, siku ya tatu zaidi ya nusu ya malighafi bado iko vilevile haijaguswa na hata bidhaa kidogo iliyopatikana ilikuwa imeanza kuharibika kwa sababu inarudi mbele ya taa tena na tena. Nikadhani kichocheo, kile kinachonyonya mwanga na kuendesha mmenyuko, kimekufa, nikabadilisha kichocheo, nikapoteza wiki nyingine. Kumbe mwanga haufiki.

Chukua kichocheo cha metali ya rutheni, kile cha rangi ya chungwa wanachokitumia sana watu wa mwanga wa bluu. Ukiyeyusha milimoli 1 tu kwa lita (moli ni kipimo cha wingi wa molekuli, milimoli ni sehemu yake ya elfu), asilimia 90 ya mwanga wa bluu inanyonywa kabla haujavuka hata milimita 1. Milimita moja! Tanki lote lililobaki nyuma yake ni giza. Na ukikuza tanki mara 10 kwa urefu, upana na kimo, ujazo unapanda mara 1,000 wakati ukuta wa kupitishia mwanga unapanda mara 100 tu, yaani kila lita inabaki na sehemu moja ya kumi ya mwanga iliyokuwa nao mwanzo. Joto unaweza kulisambaza kwa kukoroga, mwanga hausambai hivyo, kukoroga kunapeleka kimiminika kwenye mwanga lakini hakuongezi fotoni, yaani chembe ya mwanga, hata moja.

Ndo maana watu walikimbilia mirija myembamba. Mwaka 2005 wenzetu wa Chuo Kikuu cha Bristol walichapisha riakta (chombo cha kufanyia mmenyuko) ya mrija wa plastiki ya FEP, inayopitisha mwanga wa urujuanimno, umezungushwa kwenye taa ya zebaki na pampu inasukuma kimiminika ndani. Kila tone linapata zamu yake mbele ya taa halafu linatoka, halikai likaharibika. Wazo rahisi ila lilibadilisha kazi yetu kabisa.

Sasa hapo pia naomba tusidanganyane, mrija sio dawa ya kila kitu. Fotoni ni malighafi kama malighafi nyingine na ina hesabu yake. Kwa mwanga wa bluu wa nanomita 450, moli moja ya fotoni inabeba kama kilojuli 266, kwa hiyo kilowati 1 ya mwanga wenyewe (sio umeme unaoingia kwenye taa, ule mwingine unaishia kuwa joto na lazima upoozwe) inakupa kama moli 13.5 kwa saa. Kila fotoni ikitoa molekuli moja na bidhaa yako ina gramu 300 kwa moli, unapata kilo 4 hivi kwa saa. Zikihitajika fotoni 10 kwa molekuli moja unashuka hadi gramu 400, na tani moja itakuchukua masaa 2,500, zaidi ya miezi mitatu bila kuzima taa. Labda mmenyuko uwe wa mnyororo, ambapo fotoni moja inaanzisha molekuli nyingi, vinginevyo hakuna umbo la riakta litakalokutoa kwenye hiyo hesabu.

Na haki lazima isemwe, viwanda vikubwa vimeshajengwa. Kampuni ya Toray ya Japani ilianza miaka ya 1960 kutumia mwanga kutengeneza kaprolaktamu, malighafi ya nailoni, taa zikiwa zimezamishwa humohumo kwenye kimiminika, na shida yao kubwa ilikuwa uchafu kama lami unaoganda kwenye taa na kuziba mwanga. Kampuni ya dawa ya Sanofi nao mwaka 2013 walianza kuzalisha artemisinini ya dawa za malaria kwa mwanga kule Garessio, Italia. Lakini mitambo hiyo ilijengwa kwa ajili ya mwanga tangu mwanzo. Makala yenu imelipindua hilo, tanki kwanza taa baadaye.

Kwa hiyo naomba ile sentensi isahihishwe toleo lijalo. Na mkimhoji tena mtu anayesema ameikuza riakta yake, muulizeni wati ngapi za mwanga zinaingia kwenye kimiminika chenyewe, kimiminika kina unene gani mbele ya taa, na anatumia fotoni ngapi kwa molekuli moja. Zinapimika, njia ya ferioksaleti, kemikali ya chuma inayobadilika ikipigwa mwanga, ipo tangu miaka ya 1950, unaimulika unahesabu chuma kilichobadilika basi. Akiwajibu kwa lita peke yake, muulizeni tena.

Msomaji wenu,
Mkemia wa mimenyuko ya mwanga